Tovuti Ni ya Nani: Aliyelipa au Aliyeitengeneza?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wazee wetu waligombania vitu vinavyoonekana: mpaka wa shamba, minazi iliyopandwa katika ardhi ya mwingine, nyumba ya urithi. Kizazi chetu kimeongeza mali isiyoshikika kwa mkono. Katika nyumba nyingi siku hizi yupo kijana, wa kiume au wa kike, ambaye riziki yake inatoka katika kompyuta. Leo anatengeneza tovuti ya duka la nguo la shangazi yake, kesho ya madrasa ya mtaani, keshokutwa ya wakala wa safari za Hija, na baada ya hapo ya mteja wa London ambaye hajapata kuonana naye uso kwa uso. Kazi inaagizwa kwa simu, fedha zinatumwa kwa simu, na mkataba mzima ni maneno mawili: "Nifanyie, nitakulipa."

Maadamu watu wanapatana, maneno mawili hayo yanatosha. Taabu huanza siku wanapokosana. Mteja anataka kumhamishia kazi fundi mwingine, na fundi wa kwanza anakataa kutoa funguo. Au fundi anaichukua ile ile tovuti, anaibadilisha rangi na kumuuzia mshindani wa mteja wake. Kila mmoja anaapa kwamba kitu ni chake. Mteja anasema, "Nimelipa." Fundi anasema, "Nimetengeneza kwa akili yangu." Na wote wawili huenda wanasema kweli, kwa kuwa tangu mwanzo hapakuwa na mtu aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Tovuti si kitu kimoja

Swali la "tovuti ni ya nani" halina jibu moja, kwa sababu tovuti ni mkusanyiko wa mali kadhaa, na kila moja ina mwenyewe.

Ipo kwanza anwani ya tovuti, ile inayoishia kwa .co.tz, .or.ke au .com, ambayo mafundi huiita domeini. Domeini hainunuliwi kama shamba. Husajiliwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika usajili. Fundi akiisajili kwa jina lake ili "kumrahisishia" mteja kazi, basi mbele ya msajili yeye ndiye mwenyewe, hata kama mteja ndiye aliyetoa ada.

Ipo pili seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti muda wote. Hii ni sawa na chumba cha kupanga: asiyelipa kodi hutolewa, na mwenye mkataba na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo.

Yapo tatu yaliyomo: maelezo ya biashara, picha za bidhaa, nembo. Haya kwa kawaida huletwa na mteja, na yale aliyoyatunga yeye ni yake. Lakini mpigapicha aliyepiga picha hizo naye anaweza kuwa na haki yake.

Zipo nne taarifa za watu: majina, nambari za simu na malipo ya wanaonunua au wanaojiandikisha. Hizi ni amana, na si bidhaa ya fundi wala ya mteja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fundi anayeondoka na orodha ya mahujaji wa wakala amebeba kitu kisichokuwa chake kwa njia yoyote ile.

Upo tano msimbo, yaani maandishi ya lugha ya kompyuta yanayoiendesha tovuti. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Na msimbo wenyewe una tabaka tatu: ule ulioandikwa mahususi kwa ajili ya kazi hii, ule ambao fundi alikuja nao, aliouandika miaka iliyopita na anaoutumia katika kila kazi, na ule wa watu wengine, ambao fundi ameupata kwa leseni.

Mtazame fundi wa milango ya nakshi ya Zanzibar au Lamu. Ukimwagiza mlango, unakuwa wako. Huondoki na tezo yake, wala huwezi kumzuia asichonge tena ua alilofunzwa na babu yake. Lakini ukimwagiza achonge alama ya ukoo wenu, ambayo hakuna mwingine anayestahiki kuiweka mlangoni, basi mtakubaliana mapema kwamba alama hiyo haichongi kwa mtu mwingine. Msimbo hauna tofauti na hayo, isipokuwa kwamba mlango ukinakiliwa huchukua miezi, na msimbo hunakiliwa kwa kupepesa jicho.

Sheria inasemaje

Sheria za nchi zetu zinaichukulia programu ya kompyuta kuwa ni maandishi, sawa na kitabu. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, na ndivyo ilivyo katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Na kila mwenye duka la vitabu anajua kwamba kununua nakala ya kitabu hakukupi haki ya kukichapa upya na kukiuza. Nakala ni kitu kimoja, na haki ya kunakili ni kitu kingine.

Lakini haki hiyo huanzia mikononi mwa nani kazi inapoagizwa? Hapa nchi zinatofautiana, na tofauti hiyo inawagusa vijana wetu moja kwa moja.

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 31, inasema kwamba hakimiliki huanza kwa mtunzi. Hata hivyo, kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wake, au ikiwa imefanywa na mwajiriwa katika kazi ya ajira yake, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama wao wenyewe wamepatana vingine. Kwa hiyo wasipoandikiana kitu, mizani ya Kenya inamwelemea mteja.

Uingereza mambo ni kinyume. Kwa sheria yao ya 1988, mwajiri humiliki kazi ya mwajiriwa wake, lakini aliyemwagiza fundi wa kujitegemea hawi mmiliki wa hakimiliki kwa sababu ya kulipa tu. Anachopata ni ruhusa ya kuitumia kazi kwa lengo lililokusudiwa. Akitaka umiliki, sharti pawe na maandishi yaliyotiwa saini na anayetoa haki.

Marekani nako kuna mfano mashuhuri. Taasisi moja ya Washington inayosaidia watu wasio na makazi ilimwagiza mchongaji James Earl Reid sanamu ya familia isiyo na pa kulala. Reid alikubali kutoa ujuzi wake bure, akalipwa gharama za kazi tu. Hawakutia saini mkataba, wala hawakupata kuzungumza juu ya hakimiliki. Kazi ilipokwisha walihitilafiana kuhusu kuizungusha sanamu ile katika miji mbalimbali, na kila upande ukaenda kusajili hakimiliki kwa jina lake. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, ambayo mwaka 1989 iliamua kwamba Reid hakuwa mwajiriwa bali fundi wa kujitegemea, na kwamba taasisi haikuwa mtunzi wa kazi ile kwa sababu tu ya kuiagiza. Msomaji ataona kwamba pande zote mbili zilikusudia kheri. Kukusudia kheri hakukuwaepusha na mahakama.

Sasa mfikirie kijana wa Mombasa. Anamfanyia kazi mteja wa Mombasa bila maandishi, na sheria inamwelekea mteja. Anamfanyia kazi ile ile mteja wa Uingereza, kwa mkataba unaotawaliwa na sheria ya huko, na mizani inageuka. Tuseme ametumia msimbo ule ule katika kazi zote mbili. Anaweza kujikuta ameuza mara mbili kitu ambacho mara ya kwanza kilikwisha kutoka mikononi mwake. Hilo ni jambo la sheria, na kabla ya kuwa la sheria ni jambo la halali na haramu.

Fiqhi inaliweka wapi jambo hili

Wapo waliouliza kama haki isiyoshikika inaweza kuwa mali katika Uislamu. Wanazuoni walilijadili jambo hili kwa muda mrefu, na walikuwapo waliolikataa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988 na kutoa azimio la 43, kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara zimekuwa na thamani ya kifedha katika ada za watu wa zama hizi, kwamba zinalindwa kisheria, na kwamba haijuzu kuzivamia. Sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafi, hatuoni ugeni katika hilo, kwani madhehebu yetu huhesabu manufaa ya kitu kuwa ni mali.

Na agizo lenyewe la kutengenezewa tovuti linafanana sana na mkataba ambao mafakihi wameuita istisnai: kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakijakuwapo, kwa sifa zilizotajwa na bei iliyojulikana. Mahanafi ndio walioujuzisha kama mkataba unaojitegemea. Mashafi waliupitisha katika mlango wa salamu, na masharti yake ni mazito zaidi. Baraza lile lile, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliafiki kwamba istisnai ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, kwa sharti kwamba aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake zielezwe, na muda utajwe. Likaruhusu malipo yacheleweshwe au yalipwe kwa awamu.

Tazama sharti la kwanza: sifa zielezwe. Mteja anayesema "nataka tovuti nzuri" na fundi anayejibu "sawa" wameingia katika gharari, yaani kuuziana kisichojulikana, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelikataza. Na umiliki wa msimbo ni miongoni mwa sifa hizo. Kwani bei ya kitu ambacho mteja peke yake atakimiliki haiwezi kuwa sawa na bei ya kitu ambacho fundi atakiuza tena kwa wengine kumi.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kumilikisha na kuruhusu. Anayekumilikisha kitu amekutolea mkono wake. Unakitumia, unakiuza, unakirithisha. Anayekuruhusu amekupa matumizi tu. Mafakihi wamelieleza hili kwa mfano wa mgeni aliyealikwa chakula. Mgeni anakula ashibe, lakini hana ruhusa ya kuichukua sahani ya pilau na kwenda kuiuza sokoni. Leseni ni ruhusa ya namna hiyo. Haina kasoro, na mara nyingi ndiyo inayomfaa mteja mwenye fedha kidogo. Kasoro ni kuuza leseni huku ukimwacha mteja adhani amenunua umiliki, au kulipia leseni kisha ukafanya kana kwamba umenunua kila kitu.

Msimbo wa watu wengine

Wengi wa mafundi wetu hawaanzi kujenga tovuti kutoka sifuri. Wanatumia programu kama WordPress, ambayo inatolewa chini ya leseni iitwayo GPL. Historia yake inafundisha. Palikuwa na programu ndogo iliyoitwa b2, aliyoiandika Michel Valdrighi na kuitoa chini ya leseni hiyo. Kazi juu yake ilipokwama, Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua, wakaiendeleza, na mwaka 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Hawakuiba, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuruhusu kila mtu atumie, abadilishe na asambaze, kwa sharti kwamba anayesambaza naye atoe ruhusa ile ile kwa wanaompokea.

Baadhi ya Waislamu hufananisha leseni ya namna hii na wakfu. Si wakfu kwa maana ya fiqhi, kwani mtunzi hajatoka katika umiliki wake. Lakini adabu yake inafanana: anayekunywa katika kisima kilichowekewa masharti, humlazimu kuyaheshimu masharti ya mwenye kukiweka.

Matokeo yake ni mawili. Fundi hawezi kumuahidi mteja "umiliki kamili wa msimbo wote", kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo huo si wake. Tunakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkataza sahaba Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na mteja naye asidai kwamba kwa kuwa amelipa, basi kila mstari ulio ndani ya tovuti ni wake. Zaidi ya hayo, kuna violezo, herufi na picha ambazo hulipiwa leseni, na baadhi ya leseni hizo zinaruhusu tovuti moja tu. Fundi anayenunua kiolezo mara moja na kukitumia kwa wateja ishirini, hali leseni imeruhusu mmoja, amekula haki ya mwenye kiolezo, na amewalisha wateja wake kumi na tisa bila wao kujua.

Fundi asiyelipwa

Tusimwelemee fundi peke yake. Msemo wetu wa kukopa harusi, kulipa matanga unawafaa wateja wengi. Anaonyeshwa tovuti ikiwa tayari, anaomba muda, kisha hapokei simu. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la mtu aliyekesha mbele ya kompyuta ni jasho pia.

Je, fundi anaruhusiwa kuizuia kazi hadi alipwe? Mafakihi wa Kihanafi wamesema kwamba fundi ambaye kazi yake imeacha athari katika kitu, kama mtia rangi wa nguo, anaweza kukizuia kitu hicho mpaka apate ujira wake. Kwa kipimo hicho, fundi ambaye hajaikabidhi tovuti ana hoja. Ndiyo maana ni busara kuandika kwamba umiliki utahamia kwa mteja baada ya malipo ya mwisho kukamilika.

Lakini kuzuia kabla ya kukabidhi si sawa na kutega baada ya kukabidhi. Wapo wanaoficha ndani ya msimbo ufunguo wa siri, ili siku watakapokasirika waizime tovuti iliyo hewani. Huyo hajazuia haki yake. Amemkabidhi mtu nyumba huku akijibakishia mlango wa nyuma. Na tovuti ya shule ikizimwa wiki ya kuandikisha wanafunzi, wanaoumia si kamati iliyochelewesha malipo peke yake. Wanaumia wazazi na watoto ambao hawakuwa na deni na fundi. Kama sharti la kusimamisha huduma lipo, liandikwe waziwazi, na mteja apewe notisi ya siku zinazojulikana.

Kifo na mirathi

Sehemu hii naomba isomwe na familia nzima, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Fundi akifariki, hakimiliki yake haifariki pamoja naye. Kwa sheria ya Kenya, haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Na maadamu wanazuoni wamekubali kuwa haki hii ni mali, basi inaingia katika mirathi pamoja na nyumba na fedha. Mjane anayekuta kompyuta ya marehemu na kuiuza kwa bei ya chombo kikuukuu, huenda ameuza kwa thamani ya bati kitu ambacho kingewalea mayatima. Wapo mafundi ambao programu yao inatumiwa na maduka kadhaa, na kila duka linalipa kila mwezi. Malipo hayo yana wenyewe, nao ni warithi.

Upande wa pili, marehemu anaweza kuwa na deni. Kama alipokea malipo ya awali kwa kazi ambayo hakuifanya, fedha hizo ni deni katika mali yake, na deni hulipwa kabla warithi hawajagawana, kama inavyofundisha Sura ya An-Nisaa katika aya za mirathi. Warithi watalijuaje deni hilo ikiwa mapatano yote yalikuwa ya mdomo? Mali bila daftari, wamesema wahenga, hupotea bila habari.

Na mwenye biashara naye afikirie. Baba akifariki, na domeini ya duka ilisajiliwa kwa baruapepe yake ambayo nywila yake hakuna anayeijua, ada ya mwaka haitalipwa, na jina ambalo wateja wamelizoea litaachiwa yeyote alichukue. Karatasi moja iliyoandikwa majina ya akaunti, mahali domeini iliposajiliwa na tarehe ya kulipia, ikawekwa pamoja na wasia, ni hifadhi kubwa kwa watoto.

Yaandikwe nini

Mkataba si lazima uwe wa kurasa ishirini. Kurasa mbili za Kiswahili fasaha, zenye saini za pande mbili na mashahidi, zinatosha kwa kazi nyingi za kawaida. Yasikosekane haya:

1. Kazi yenyewe. Kurasa ngapi, zifanye nini, zikamilike lini, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei.

2. Domeini na seva. Zisajiliwe kwa jina la mteja, kwa baruapepe ya mteja, hata kama fundi ndiye anayezishughulikia.

3. Msimbo uliotengenezwa mahususi. Chagueni moja kati ya mawili. Ama: "Baada ya malipo ya mwisho, fundi anamhamishia mteja hakimiliki yote ya msimbo ulioandikwa kwa ajili ya kazi hii." Au: "Hakimiliki inabaki kwa fundi, mteja anapewa leseni ya kudumu, isiyofutwa, ya kuutumia na kuubadilisha kwa ajili ya biashara yake, yeye mwenyewe au kwa mkono wa fundi mwingine." Maneno ya mwisho yana uzito. Yakikosekana, mteja hubaki mateka wa fundi mmoja.

4. Zana za fundi. "Msimbo ambao fundi alikuwa nao kabla ya kazi hii unabaki kuwa wake, na mteja ana ruhusa ya kuutumia ndani ya tovuti hii."

5. Msimbo na picha za wengine. Vitajwe kwa majina, pamoja na leseni zake na nani atalipia kila mwaka.

6. Kurudia kazi. Je, fundi anaruhusiwa kumtengenezea mshindani tovuti inayofanana? Je, anaruhusiwa kuweka jina lake chini ya ukurasa na kuwaonyesha wengine kazi hii?

7. Makabidhiano. Msimbo wote, nywila zote na taarifa zote zikabidhiwe kwa tarehe iliyotajwa, na fundi asibaki na nakala ya taarifa za watu.

8. Sheria na suluhu. Mkataba utatawaliwa na sheria ya nchi gani, na kabla ya mahakama ni nani atakayewasuluhisha.

Katika kazi kubwa, au yenye mteja wa ng'ambo, msisite kumlipa wakili aipitie. Sheria ya Kenya yenyewe haiutambui uhamishaji wa hakimiliki uliofanywa kwa mapatano, wala leseni ya mtu mmoja pekee, bila ya maandishi yenye saini ya anayetoa haki. Maneno ya simu hayatoshi, na risiti ya malipo peke yake haisemi umiliki umekwenda kwa nani.

Ikiwa ni ndugu

Najua jibu litakalotoka katika nyumba nyingi: "Huyu ni mtoto wa dada yangu, nitamwandikishaje mkataba?" Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Ndani yake waumini wanaagizwa wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa, na wanaelezwa kwamba kufanya hivyo ni uadilifu zaidi na ni karibu zaidi na kutokuwa na shaka. Haikuwavua ndugu katika agizo hilo. Na shaka inauma zaidi baina ya ndugu kuliko baina ya wageni, kwa sababu mgeni mtaachana sokoni, na mtoto wa dada yako utakaa naye katika kila harusi na kila maziko.

Ukitaka kumsaidia mpwa wako, mlipe kamili. Mpwa akitaka kumsaidia shangazi, aandike, "Nimekufanyia bure, na msimbo ni wako," na hiyo iwe sadaka isiyo na masimbulizi. Sahaba wa Mtume (S.A.W.) walipendana kuliko tunavyopendana sisi, na amri ya kuandikiana iliwashukia wao kwanza.

Tumuombe Allah (S.W.) atujaalie riziki ya halali, atuepushe na kula mali za wenzetu kwa batili, na azihifadhi nyoyo za ndugu zetu zisitengane kwa sababu ya mali.

Wabillahi tawfiq.